Kabla ya Kiberiti

Marehemu baba yangu mdogo alikuwa mpima ardhi, na miaka yake mingi ilipita porini na mahema. Tulipomaliza arobaini, mjane wake aliniita chumbani akanikabidhi kopo la bati lililochubuka rangi. "Chukua wewe, mwanangu," aliniambia. "Wenzako watalipima kwa kilo wauze chuma chakavu."

Ndani yake mlikuwa na jiko la safari la mafuta ya taa, limefunguliwa vipande vipande ili litoshe: tangi la shaba lisilozidi robo lita, miguu mitatu ya kuchomeka, kichwa kilichojaa masizi, duara la chuma la kukalishia sufuria, na sindano ya kuzibulia iliyofungwa kwenye karatasi ya daftari. Kwenye shaba palichongwa neno Primus na namba 96.

Nilichokifanya jioni ile ndicho ninachokuomba wewe usikifanye. Nilitia mafuta, nikamimina spiriti, nikawasha. Moto ulipanda vizuri kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini. Kisha mafuta yakaanza kutokeza kwenye mpini wa pampu, yakateremka ubavuni mwa tangi, na moto ukayafuata. Nilikuwa uani, na jirani aliyekuwa akijenga alikuwa ameacha lundo la mchanga hapo hapo. Mchanga ule ndio uliouzima moto.

Tangu siku hiyo nimefufua majiko kadhaa ya aina hii, yangu na ya watu, na kanuni yangu haijabadilika: kiberiti kije mwisho kabisa. Jiko la pampu huishi kwa hewa kabla halijaishi kwa mafuta. Likiwa halishiki hewa, usihangaike na moto wake. Likishika hewa, kazi iliyobaki ni ya usafi tu, na usafi kila mtu anauweza.

Ili uelewe kwa nini, angalia jinsi linavyofanya kazi. Jiko la utambi, lile tunaloliita la Mchina, hunyonya mafuta kwa uzi na kuyachoma juu. La pampu halina utambi. Unajaza hewa ndani ya tangi kwa pampu, hewa inayasukuma mafuta yapande kwenye kichwa, na kichwa kikiwa cha moto mafuta yanageuka mvuke kabla hayajatoka. Mvuke huo hupenya tundu dogo la nozeli kwa kasi, unajivutia hewa ya nje, unaungua kwa moto wa buluu usioacha masizi. Mswidi Frans Wilhelm Lindqvist ndiye aliyelitengeneza jiko hili huko Stockholm mwaka 1892, na ndani ya miaka michache lilikuwa limeenea mbali. Amundsen alikuwa nalo alipofika Ncha ya Kusini Desemba 1911. Mwaka 1953 majiko ya jina hilo hilo yalipanda na msafara wa Hillary na Tenzing kule Everest.

Kutoka kwenye safari hizo za barafu kuna habari moja ambayo humsimulia kila anayeniletea jiko. Mwingereza Scott alifika Ncha ya Kusini Januari 1912, mwezi mmoja baada ya Amundsen. Njiani kurudi, kwenye vituo walikokuwa wameacha akiba, yeye na wenzake walikuta mafuta yamepungua ndani ya madebe, ingawa hapakuwa na aliyeyagusa. Wosha za ngozi kwenye vizibo hazikuhimili baridi, na mafuta yakapotea kidogo kidogo. Amundsen yeye alikuwa ameshaonja uvujaji huo katika safari ya nyuma, kwa hiyo madebe yake aliyaziba kwa lehemu. Scott na wenzake wanne hawakurudi. Walikuwa na matatizo mengi, na mafuta yalikuwa mojawapo tu. Lakini mimi nikishika wosha ya ngozi iliyokauka, ndogo kama sarafu, huwakumbuka watu wale.

Basi tuanze kazi. Kwanza fungua kizibo na ukimbize hewa iliyobaki, hata kama jiko lilizimwa miaka thelathini iliyopita. Mwaga mafuta ya zamani. Yatatoka yamekuwa ya hudhurungi, yananuka kama rangi iliyooza. Suuza tangi kwa mafuta mapya kidogo mara mbili au tatu. Kama ndani kuna utando, ingiza kipande cha mnyororo mwembamba ulichokifunga uzi, utikise kwa dakika kumi, kisha uvute uzi utoke nacho. Wapo wanaotia nati ndogo badala ya mnyororo. Ukifanya hivyo, zihesabu kabla hazijaingia na uzihesabu tena zikitoka.

Sasa njoo kwenye pampu, na hapa usiwe na haraka. Fungua kifuniko chake, vuta mpini, na mwishoni mwake utaona ngozi iliyokunjwa kama kikombe kidogo. Hiyo ndiyo inayosukuma hewa. Ikiwa ngumu kama ganda la muwa, pampu itapanda na kushuka bila kushika chochote. Usiitupe. Iloweke usiku kucha kwenye mafuta ya mashine ya cherehani, asubuhi uiminye taratibu kwa vidole mpaka ilainike, kisha ipanue kingo zake ziguse ukuta wa bomba pande zote. Ngozi nane katika kumi nilizozishika zimefufuka hivyo.

Ikiwa imepasuka, nenda kwa fundi baiskeli. Pampu za baiskeli za zamani hutumia ngozi ya umbo lile lile, na mafundi wengi bado wanazo kwenye kopo la vikorokoro. Chukua iliyo kubwa kidogo kuliko bomba lako, uipunguze kwa wembe. Ukikosa kabisa, kata duara kwenye ulimi wa kiatu cha zamani cha ngozi halisi, liloweke kwenye maji ya vuguvugu, likandamize kwenye mdomo wa bomba kwa kitako cha boliti, uliache likauke humo humo kwa siku nzima. Likishashika umbo, ndipo ulipe mafuta. Wakati wa kulirudisha, usilisukume kwa nguvu. Lizungushe polepole huku unaliingiza, maana ukingo ukijikunja nyuma kazi yote imeharibika.

Chini kabisa ya bomba la pampu kuna valvu ndogo inayoruhusu hewa iingie tangini na kuizuia isirudi. Dalili za ubovu wake ni mbili. Unapopampu, mpini unainuka wenyewe baada ya kuuachia, au mafuta yanajaa kwenye bomba na kutokeza juu. Hii ya pili ndiyo iliyotaka kuniunguza. Valvu hiyo imekaa mbali, na kuifungua kunahitaji spana ndefu ya kuingia ndani ya bomba. Sikuwa nayo, nikaamua kwenda kutafuta mtu aliye nayo.

Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, kwenye soko la dagaa, bado wapo mafundi waliokula maisha yao kwenye karabai. Taa ile ya wavuvi wa usiku ina moyo ule ule wa jiko la pampu: tangi, ngozi, valvu, nozeli. Siku hizi mitumbwi mingi inatumia taa za betri na sola, na kazi yao imepungua, lakini mikono haijasahau. Nilimkuta mmoja amekaa chini ya mwavuli, nikamwamkia, akaitikia huku macho yako kwenye jiko.

"Mzee wangu, valvu ya chini imenishinda."

"Haijakushinda, umeiogopa. Shika hapa."

Akatoa spana aliyoitengeneza mwenyewe kwa nondo, amechonga ncha yake kwa tupa ikawa na meno mawili. Akaiteremsha ndani ya bomba, akasikiliza mpaka ikakaa, akaiegemea kwa uzito wa mwili kabla hajaizungusha. Hilo ndilo nililojifunza kwake: kwanza shindilia, ndipo uzungushe, kwa sababu ukizungusha bila kushindilia spana inaruka na kunyoa shaba, na shaba ikishanyolewa hutaitoa tena. Ikikataa, usilazimishe. Mimina mafuta ya taa humo, uyaache mpaka kesho yake.

Ndani ya valvu mlikuwa na springi nyembamba kama unywele na kipande cha mpira kisichozidi punje ya mbaazi, kimechimbika katikati. Mimi nilikuwa nimekuja na mpira wa tyubu ya baiskeli. Mzee akaukataa. Mpira wa tyubu ukikaa kwenye mafuta ya taa unavimba, unakuwa laini kama ugali, na baada ya wiki chache valvu inavuja upya. Tafuta mpira uliotengenezwa kwa ajili ya mafuta: oringi ya kabureta au ya pampu ya dizeli, kwa fundi wa magari. Kata kipande kilicho bapa pande zote mbili. Mpira huo huo utumie kwa wosha ya kizibo cha tangi.

Sehemu ya tatu inayovuja ni pale kichwa kinapojifunga juu ya tangi. Pale huwekwa wosha ya risasi, kwa sababu risasi ni laini, hujaza kila mkwaruzo, na mafuta hayaiharibu. Wosha ya zamani ikishabanwa mara moja haifai tena. Mwaloni hukosi risasi, maana ndiyo inayozamisha nyavu. Nilinunua punje mbili, nikazigonga kwa nyundo mpaka zikawa bamba, nikakata pete kwa mkasi wa bati. Nawa mikono kwa sabuni ukimaliza, na usiruhusu watoto wachezee mabaki. Risasi ni sumu.

Sasa lijaribu jiko bila mafuta. Wengi huiruka hatua hii, na mimi nakushauri uipe muda kuliko nyingine zote. Ziba njia ya nozeli kwa kipande cha mpira na skrubu, au kama una kizibo kinacholingana, toa kichwa kizima na ufunge kizibo hicho pale. Piga pampu mara kumi na tano. Kisha lizamishe tangi lote kwenye beseni la maji, utulie. Mapovu ya mwanzo ni hewa iliyoshika nje, yaache yapite. Baada ya hapo, povu lolote linalorudi mahali pale pale ni tobo. La kwangu lilikuwa na uzi mmoja wa vipovu vidogo sana, kimoja baada ya kingine, kutoka kwenye kizibo. Nilibadilisha wosha, nikalizamisha tena, maji yakatulia kabisa. Likae hivyo saa nzima, kisha fungua skrubu ya kutolea hewa. Ukisikia pumzi ndefu inatoka, tangi lako ni zima.

Ukiona mapovu yanatoka kwenye maungio ya shaba yenyewe, hapo panahitaji lehemu. Usiguse tangi hilo kwa moto wa gesi. Harufu tu ya mafuta iliyobaki ndani inatosha kulipasua. Lioshe kwa maji ya moto na sabuni mara nyingi, lijaze maji mpaka karibu na tobo, kisha mpe fundi anayetumia pasi ya lehemu, umwambie kwa sauti lilikuwa na nini. Na shaba ikiwa imepasuka kwa uchovu, imefanya mistari myembamba kama ya kikombe cha udongo, liweke rafuni kama pambo. Nimewahi kumrudishia mtu jiko la namna hiyo bila kulitengeneza, akakasirika, na ningemrudishia tena leo.

Kichwa kinafuata. Toa nozeli kwa spana yake. Tundu lake ni kama theluthi ya milimita au pungufu ya hapo, na likipanuka hata kidogo moto unakuwa wa njano na wenye masizi maisha yote. Usilichokoe kwa pini wala sindano ya nguo. Kama sindano ya jiko imepotea, uzi mwembamba kuliko yote wa gitaa la umeme unapita bila kujeruhi. Baada ya kupitisha, inua nozeli kwenye mwanga. Unatakiwa uone nukta ya duara iliyo safi.

Nozeli ikiwa safi na moto bado ni dhaifu, mabomba ya kichwa yameziba kwa makaa ya mafuta ya miaka mingi. Kitoe kichwa peke yake, bila nozeli, kiweke kwenye jiko la mkaa mpaka kiive wekundu hafifu, kisha kitumbukize kwenye maji. Kitalia. Kigonge kwenye ubao na utaona chembe nyeusi zinamwagika. Rudia mara tatu. Usipite wekundu hafifu, kwa sababu maungio yake yameungwa kwa lehemu ngumu inayoweza kulegea.

Kuhusu mafuta. Mwaka 2011 serikali yetu ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli na petroli, na mwaka 2018 Kenya nao wakaweka tozo kwa sababu hiyo hiyo. Tangu hapo mafuta ya taa yamekuwa ghali, na vituo vingine havina kabisa. Kwa hiyo watu hushawishika kutumia kilichopo. Petroli isiingie kwenye jiko hili, hata kifuniko kimoja. Na chombo kilichobeba petroli jana usikitumie kubebea mafuta ya taa leo. Mafuta yachuje kwa kitambaa safi cha pamba, ujaze robo tatu ya tangi tu, hewa ipate nafasi yake.

Washa nje, mahali pasipo upepo, mchanga ukiwa karibu. Maji si dawa ya moto wa mafuta. Fungua skrubu ya hewa. Jaza spiriti kwenye kisahani kilicho chini ya kichwa, uiwashe, uiache iungue karibu iishe. Watu huchoka hapa kwa sababu dakika mbili tatu huonekana nyingi, na wanaochoka ndio wanaoona miali mirefu ya njano ikiruka hadi usoni. Spiriti ikibaki kidogo, funga skrubu, piga pampu mara mbili au tatu. Kichwa kikiwa kimepata moto wa kutosha, utasikia mkoromo mdogo, kisha pete ya buluu itajikusanya. Ongeza pampu polepole, na mkoromo utageuka ngurumo. Ukiona njano, usipampu ukidhani itapona. Fungua skrubu, zima, subiri kichwa kipoe, anza upya na spiriti.

Kulizima ni kufungua skrubu hiyo hiyo. Kuongeza mafuta jiko likiwa la moto ni marufuku, na kulala nalo ndani ya hema au chumba kilichofungwa ni marufuku zaidi, kwa kuwa hewa ya sumu linayotoa haina harufu ya kukuamsha.

Ukiwa na jiko la petroli la safari, kama Svea 123 au Optimus 8R, mengi niliyoyasema hayalihusu. Majiko hayo hujipa msukumo kwa joto lake yenyewe, yana valvu ya usalama kwenye kizibo, na baadhi ya yale ya zamani yana vifungashio vya asibesto ndani. Usianze kujifunza kazi hii juu ya jiko la petroli.

Nimeacha kung'arisha mpaka sasa makusudi. Kila anayeniletea jiko amekwisha kulisugua, na ngozi ya pampu hajaiangalia. Ndimu na majivu laini, kama bibi zetu wa pwani wanavyosugua sinia, vinatosha kuondoa kutu ya kijani. Usiliache kwenye ndimu au siki usiku kucha, asidi inakula zinki na shaba inabaki na rangi ya waridi. Na usisugue mahali penye maandishi. Primus walianza mwaka 1911 kugonga herufi ya mwaka kwenye matangi yao, A ikiwa ya mwaka huo, na herufi hiyo ndogo ndiyo itakayokuambia umri wa jiko lako. Alama za kawaida za matumizi mimi huziacha. Kwenye la baba mdogo kuna kibonyeo ubavuni, na shangazi anasema kilitokea Biharamulo, jiko lilipoanguka kutoka kwenye gari.

Ukilirudisha kwenye kopo, mwaga mafuta yote, acha kizibo kimelegea ili mpira usibanwe bure, na weka humo ngozi ya akiba, wosha mbili za risasi, kipande cha mpira wa valvu na ule uzi wa gitaa. Kila baada ya miezi mitatu, hata kama hujasafiri, vuta pampu na uidondoshee ngozi matone mawili ya mafuta ya cherehani.